Konokono wa Nyanda za Athi: Mwenyeji Asiyehama

Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Namanga na kuupita mji wa Kitengela pamoja na maduka yake ya mabati na malango ya chuma, utafika mahali ambapo jicho halina pa kugota. Ni nyasi tu, za kijivu na manjano, mpaka kwenye vilima vya mbali, na hapa na pale mgunga mmoja uliojikunyata kwa upepo. Mahali hapo pamekuwa pakisogea. Wazee wa jiji watakwambia kwamba zamani nyasi zilianzia Athi River. Mimi nilipokuwa mwanafunzi zilianzia nyuma ya soko la Kitengela. Leo itakubidi uendelee hadi karibu na Isinya, kilomita kama 60 kutoka jijini, ndipo uuone uwanda ukiwa uwanda.

Huko ndiko nasi tulikonunua ploti. Msomaji wa jijini hana haja ya kusimuliwa hadithi hiyo: mkopo wa sacco, karatasi za wakili, safari tatu za kwenda kuhakikisha kwamba mawe ya mipaka hayajang'olewa. Ni kipande cha futi 50 kwa 100. Mama watoto alikuwa ameshaichora nyumba kwenye daftari la mtoto, jikoni upande wa mashariki, na Jumamosi moja ya Februari tukaenda pamoja na binti yetu wa miaka tisa kuwaona mafundi wakianza kuchimba msingi.

Februari ni mwezi mkavu katika nyanda hizi. Udongo wake ni ule mweusi ambao madereva wa malori huulaani wakati wa mvua, maana hunata kama ugali mbichi. Ukikauka hupasuka, na nyufa zake zaweza kuumeza mkono wa mtoto hadi kiwikoni. Fundi alitueleza kwamba udongo huo haujengewi. Mvua ikinyesha hufura, jua likiwaka hunywea, na nyumba iliyo juu yake hupasuka kuta. Kwa hiyo huchimbwa wote, mita moja au zaidi, ukapakiwa kwenye lori na kwenda kutupwa, kisha mawe na murramu hujazwa mahali pake. Lori la kwanza lilikuwa limeshaondoka tulipofika.

Binti yetu ndiye aliyeona kwanza. Katika lundo lililokuwa likingoja lori la pili kulikuwa na vitu vyeupe kama meno.

"Baba, hizi ni kauri?" akaniuliza.

Hazikuwa kauri. Yalikuwa magamba ya konokono, marefu na yaliyochongoka, urefu wa sehemu ya kidole gumba. Mengi yalikuwa matupu, yamepauka mpaka yakawa meupe pe. Lakini mengine yalikuwa mazito mkononi. Hayo yalikuwa na rangi ya maziwa yenye michirizi ya kahawia kama ndimi za moto, na mlango wake umezibwa kwa utando mwembamba uliokauka kama karatasi. Fundi alilisukuma moja kwa sepetu.

"Hao wamekufa zamani," akasema.

Jirani yetu ni mzee wa Kimaasai aliyeuza sehemu ya ardhi yake na kubaki na nyingine. Alikuja na fimbo yake kutujulia hali. Binti yetu, ambaye desturi hiyo alifundishwa na mwenzake wa shuleni, alimwinamishia kichwa, naye Mzee akamgusa utosini kwa kiganja na kumwitikia. Alipoona kilichokuwa mkononi mwake, akacheka.

"Mtilie maji, mtoto wangu," akasema.

Tulimweka konokono mmoja ndani ya kifuniko cha chupa kubwa na kummiminia maji kidogo. Fundi akaacha kazi ili atazame, na vijana wake wawili pia. Kwa muda hapakuwa na chochote, na mama watoto akarudi kwenye hesabu zake za mawe. Kisha ule utando ukalegea. Povu dogo likatokea mlangoni, halafu kitu cha kijivu, halafu pembe mbili ndefu zenye macho kwenye ncha na nyingine mbili fupi chini yake. Konokono akajivuta nje ya kifuniko, akalikwea vumbi la ploti yetu, akaonekana kukasirishwa nalo, na kugeuka.

"Nyumbu akisikia harufu ya mvua huko Athi, huenda Athi," Mzee akatuambia. "Ng'ombe tunampeleka sisi wenyewe. Huyu hana wa kumpeleka. Yeye hungoja mvua imfuate nyumbani."

Nilirudi Nairobi na maneno hayo kichwani, na majuma yaliyofuata nilisoma kila nilichoweza kukipata juu ya mnyama huyu ambaye nimemkanyaga tangu utotoni bila kumtazama. Wanasayansi humwita Limicolaria martensiana. Jina la kwanza limetoka katika Kilatini na maana yake ni mkaa matopeni, jambo linalochekesha ukimwokota Februari katika udongo mgumu kama tofali. Edgar Albert Smith wa jumba la makumbusho la British Museum, London, ndiye aliyempa jina la pili mwaka 1880, kwa heshima ya Eduard von Martens, mtaalamu wa Berlin ambaye baadaye, mwaka 1897, alitoa kitabu kikubwa juu ya konokono na kombe wa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Wote wawili walimjua hasa kupitia kwa magamba yaliyofikishwa Ulaya na wasafiri.

Hapa kwetu, mtu aliyewafuatilia konokono kwa bidii ni Bernard Verdcourt, ambaye kazi yake hasa ilikuwa mimea. Alifanya kazi Amani, Tanganyika, kisha katika hifadhi ya mimea mikavu ya Nairobi hadi 1964. Kila alipokwenda kutafuta majani aliinama pia kutafuta magamba, na orodha aliyoitengeneza ya konokono wa Afrika Mashariki ndiyo ambayo wataalamu wengi bado wanaianzia.

Pengine msomaji atauliza kama huyu ndiye yule konokono mkubwa wa Pwani. La. Yule ni binamu yake, naye amejipatia sifa mbaya ulimwenguni. Asili yake ni pwani yetu ya Afrika Mashariki, lakini watu wamemsafirisha hadi India, visiwa vya Pasifiki na Marekani. Mwaka 1966 mvulana mmoja alirudi Miami kutoka Hawaii na watatu tu, bibi yake akawaachilia bustanini, na serikali ya jimbo la Florida ikatumia miaka kadhaa na konokono zaidi ya 18,000 kuangamizwa kabla ya kusema kazi imekwisha. Huyu wetu wa nyandani ni mdogo na mpole, hana makuu. Hutoka usiku, au mchana kukiwa na mawingu na unyevu. Hula majani mabichi na yaliyooza, akiyakwaruza kwa ulimi wenye meno madogo mno yaliyopangwa safu kwa safu. Kila mmoja ni huntha, yaani ana sehemu za kiume na za kike kwa pamoja, na mvua zikikubali hutaga mayai yake ndani ya udongo.

Adui zake ni wengi. Nguchiro wenye mistari wana ufundi wao: kitu kigumu hukishika kwa miguu ya mbele na kukirusha nyuma, kati ya miguu ya nyuma, kikagonge jiwe. Kanga humla akiwa mdogo. Hata kimulimuli, yule mdudu wa taa ambaye watoto humfukuza usiku, akiwa bado buu hula konokono. Jambo hili lilimhuzunisha sana binti yetu, kwa sababu anawapenda wote wawili.

Lakini adui mkubwa kuliko wote ni jua, na silaha yake dhidi ya jua ni usingizi. Kiangazi kinapoanza, konokono huingia ardhini, na katika udongo mweusi zile nyufa ndizo milango yake. Huko hujikunja ndani kabisa ya gamba, huziba mlango kwa ute unaokauka ukawa kiwambo, na mwili wake hupunguza kazi zote mpaka karibu hakuna kinachoendelea. Wa jamii nyingine wana uwezo wa kushangaza zaidi. Mwaka 1846 konokono mmoja wa jangwa la Misri aliletwa British Museum, akadhaniwa amekufa, akagundishwa kwa gundi kwenye kibao na kuandikiwa jina. Mwaka 1850 mtu akaona alama kwenye karatasi pale alipokuwa. Wakambandua, wakamtia katika maji ya uvuguvugu, naye akatoka akatembea. Siwezi kusema kwamba wa Isinya angevumilia miaka minne. Ila niliposoma hadithi hiyo nilikumbuka sura ya fundi wetu mbele ya kile kifuniko.

Jambo lililonivutia zaidi lilitoka Uganda. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mwalimu mmoja wa Makerere, Denis Owen, alianza kuwahesabu konokono hawa hawa katika sehemu mbalimbali za nchi hiyo. Alitambua kwamba wote hawana vazi moja. Wengine wana michirizi ya kahawia iliyokoza, wengine wamefifia, wengine karibu hawana alama kabisa, ingawa ni wa jinsi moja na huzaana. Kisha akaona jambo ambalo angeweza kulipita mtu asiyehesabu: palipokuwa na konokono wachache, karibu wote walikuwa wa michirizi. Palipokuwa na wengi waliosongamana, mavazi yalikuwa ya namna nyingi.

Maelezo yake ni kwamba macho ya ndege na wanyama wanaowawinda yanahusika. Konokono wakiwa wachache, anayesalimika ni yule anayefanana na kivuli cha nyasi, na huyo ni wa michirizi. Wakiwa wengi, ndege huzoea kutafuta vazi lililo la kawaida, kama wewe unavyotafuta matatu ya rangi unayoijua kituoni na kutoiona nyingine iliyo mbele yako. Hapo asiyefanana na wenziwe anapata nafasi ya kuishi. Mwaka 1966 Owen alichapisha habari nyingine: magamba ya kale kutoka magharibi mwa Uganda, yenye umri wa miaka 8,000 hadi 10,000, yalikuwa na mchanganyiko ule ule wa mavazi. Kabla hapajawa na mji wowote katika sehemu hizi, konokono walikuwa wameshagawana mavazi kama walivyo leo.

Gamba, kwa hakika, ni karatasi ya kumbukumbu isiyooza upesi. Miaka ya 1940 A. J. Arkell alichimba makao ya watu wa kale mjini Khartoum, na katika kitabu alichokitoa 1949 konokono wa ukoo huu wa Limicolaria wamo miongoni mwa mashahidi wake. Leo Khartoum ni kukavu mno kwao; itakubidi uende mbali kusini kwenye nyasi ndefu ndipo uwakute hai. Magamba yao yakiwa chini ya mji ule, basi mahali pale paliwahi kuwa na nyasi, na mvua ya kuziotesha. Hakuna aliyehitaji kuandika. Konokono hahami, alipo yeye ndipo zilipokuwa nyasi.

Linganisha na nyumbu. Katika nyanda za Athi na Kaputiei, mwaka 1978 walihesabiwa nyumbu zaidi ya 25,000. Kufikia 2011 hawakutimia 3,000. Hawakuliwa wote na simba. Walikuwa na desturi ya kwenda na kurudi kati ya malisho ya kusini na Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa 1946, ambayo upande wake wa kusini, ng'ambo ya Mto Mbagathi, uliachwa bila ua ili wapite. Ua ukaja hata hivyo, si wa mbuga bali wetu sisi: nyaya, michongoma, kuta za mawe, ploti moja baada ya nyingine. Kuanzia 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa eka kila mwaka ili wasizungushie ua wala kuuza. Sina ugomvi na aliyechukua fedha hizo wala na aliyezikataa. Dola 4 kwa eka ni kitu, lakini mtu wa Nairobi akija na bei ya ploti, hesabu hubadilika, na watoto wa Mzee nao wanataka karo.

Ua unaomzuia nyumbu haumsumbui konokono. Yeye hupita chini ya waya bila habari, na maisha yake yote yaweza kumalizika katika eneo dogo kuliko sebule yetu mpya. Kinachommaliza ni kile kilichokuwa kikifanyika mbele ya macho yangu Jumamosi ile: kuchukuliwa udongo wenyewe, yeye akiwa amelala humo, katika mwezi ule ule ambao wajenzi wanaupenda kwa sababu lori halikwami. Waswahili husema penye miti hapana wajenzi. Hapa miti hakuna, na wajenzi ni sisi, wengi kama siafu.

Na kuna jambo jingine linaloniudhi kidogo kila nikilifikiri. Konokono hujenga gamba lake kwa chokaa anayoipata katika udongo na majani. Chokaa imo tele katika nyanda hizi, na ukichimba utaiona kama vijiwe vyeupe ndani ya ule weusi. Ndiyo sababu moja ya kuwako kwa viwanda vya saruji huko Athi River. Mifuko ya saruji iliyokuwa chini ya turubai kwenye ploti yetu imetengenezwa kwa chokaa vilevile. Yeye anajenga kidogo kidogo, akizunguka, mizunguko kama saba au minane mpaka akue. Mimi niliagiza mifuko 60 kwa simu.

Sipendi kutia chumvi. Konokono huyu hatatoweka duniani kwa sababu ya nyumba yangu. Anaishi Uganda, anaishi Tanzania, anaishi hata katika bustani za Nairobi, na huenda yumo chini ya chungu cha maua cha msomaji sasa hivi. Lakini wale wa pale, wenye ukoo wao chini ya nyasi zile tangu kabla ya mtu kupima ardhi, hawana pa kwenda. Wakishapelekwa na lori hawarudi; kati yao na jirani aliyebaki kuna ukuta, barabara ya murramu na yadi ya watu.

Mwezi wa Aprili, mvua za masika zilipokuwa zimekolea, tulirudi. Matatu ilituacha barabarani na tukatembea mwendo uliobaki, kila kiatu kikibeba kilo yake ya udongo. Tulilala kwa Mzee, kwa sababu nilitaka kuwaona wakitoka, naye alfajiri akatuamsha kwa kugonga ukuta. Nje kulikuwa na ukungu. Nyasi za upande wake, zile ambazo hazijauzwa, zilikuwa mbichi zimefika magotini, na kila shina lilikuwa na tone la maji. Mwanzoni hatukuona kitu. Kisha binti yetu akaona mmoja, nami nikaona wawili, na baada ya hapo hatukujua pa kukanyaga.

Walikuwa kila mahali. Wengine wamekwea majani, wengine wanavuka njia ya ng'ombe wakiacha mstari wa fedha nyuma yao, wawili wawili wengine wameshikamana bila haraka wala aibu. Ng'ombe wa Mzee walipita kati yao wakila sehemu ya juu, konokono wakila ya chini, na sikuona kama yeyote alimnyima mwenzake. Binti yetu alitoa daftari lile lile la nyumba na kuanza kuhesabu katika duara alilolizungushia kamba ya viatu. Alipata 13. Kumi na mmoja walikuwa wa michirizi, wawili weupe wasio na alama. Tulimpitisha kwa kisima akanawe mikono kwa sabuni, na nawasihi wazazi wengine wafanye vivyo hivyo, maana konokono wa porini huweza kubeba vijidudu. Kwa familia isiyokuwa na mwenyeji huko, Mbuga ya Nairobi baada ya mvua itatosha. Kwenye madimbwi ya viboko watu hutembea kwa miguu wakiwa na askari. Kila mtu hapo huangalia majini. Jaribu kuangalia chini.

Kisha tukaenda kwenye ploti yetu. Msingi ulikuwa umejazwa mawe, umenyooka vizuri, na sina budi kusema nilifurahi kuuona. Nyuma yake, katika kona, kulikuwa na lundo la udongo mweusi lililoota nyasi. Hilo ni lori moja na nusu ambalo Jumamosi ile ya Februari tulimwomba fundi asilipeleke. Alidhani tunataka kupanda mboga. Binti yetu alilizunguka mara tatu akiwa ameinama. Alipata wanne, wote wa michirizi.

Sasa mama watoto anataka yadi yote iwekwe kabro, kutoka lango hadi ukuta wa nyuma, kwa sababu ameuona udongo wa Aprili na hataki kuuona tena mlangoni pake. Ana haki, ni yeye atakayeufagia. Binti yetu anataka kabro ikomee futi 15 kabla ya ukuta, na ameichora mistari miwili katika daftari, ile ya mama yake kwa kalamu nyeusi na ya kwake kwa nyekundu. Kabro huuzwa kwa mita mraba. Fundi amepiga simu mara mbili kuuliza kipimo, na anataka jibu kabla ya Ijumaa.